Fundi na Nyuki Weusi wa Ua

Kosa la Fundi lilikuwa kuziba matundu. Aliporudi Uthiru, pembeni mwa Nairobi, kutoka Vihiga, alikokwenda kumzika mkewe, hakukaa chini. Alichanganya gundi na vumbi la mbao, akaziba kila tundu ambalo nyuki weusi wakubwa walikuwa wametoboa kwenye nguzo za ua, kisha akazipaka nguzo zote oili chafu ya magari. Ilikuwa kazi safi, kama kazi zake zote. Baada ya hapo mpasheni wa marehemu, ule unaotambaa juu ya ua huohuo, ulitoa maua msimu mzima bila tunda, na msimu uliofuata vilevile. Fundi aliamini mmea unamfuata mwenyewe kaburini. Akasema mvua zikiisha ataukata.

Mimi nilijua kwa nini hauzai. Nilijua kabla yake, na nikanyamaza.

Mimi ni mpangaji wake. Chumba changu ni cha mwisho uani, na mlango wangu unatazama ule mpasheni. Kazi yangu iko mjini, kwenye duka la kuchapisha na kunakili. Mambo ya nyuki nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa kutazama. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikitaka kumwandikia mtu pole, nafuta na kuandika upya mpaka matanga yanaisha. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kimya changu kilikuwa busara.

Kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe, hata mchungaji wao. Alikuwa na karakana ya samani kando ya barabara ya Waiyaki, na uani kwake alikuwa na mizinga ya nyuki. Jicho lake lilikuwa futi. Siku niliyohamia alisimama mlangoni akitazama kitanda changu kikishushwa.

"Hicho hakiingii," alisema.

"Nilipima, Fundi."

"Ulipima kitanda ama mlango?"

Nilikuwa nimepima kitanda. Akakifungua miguu, akakiingiza, akakifunga tena, na tangu siku hiyo akaniita Daktari kwa sababu nilikuwa nimeandika vipimo kwenye simu. Jina hilo lilikuwa la kunicheka. Baadaye lilizoeleka, na sikujua tena kama bado ananicheka. Hilo nalo lilinikosesha usingizi.

Mizinga ilimjia kwa bahati. Kundi la nyuki liliingia kwenye droo ya meza ya kujirembea aliyokuwa ameianika barabarani iuzwe. Mteja akavuta droo. Alivyosimulia Fundi, yule mama alikimbia mpaka ng'ambo ya barabara akiwa bado ameshika kishikio mkononi. Mtu mwingine angemwaga mafuta ya taa. Yeye alifunika meza na gunia, akaibeba nyumbani jioni, na kwa muda mrefu nyuki wale waliishi kwenye droo. Kisha akawatengenezea mzinga, na kwa kuwa hakuweza kutengeneza kitu kimoja, akatengeneza mingine.

Aliwaheshimu nyuki wa asali kama watu. Kundi moja lilipotua mjini, kwenye kibao cha duka la vitambaa lililo jirani na kazini kwangu, nilimpigia simu. Mwenye duka, mzee ambaye familia yake ya asili ya Kihindi imeuza vitambaa pale tangu kabla mama yangu hajazaliwa, alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono kiunoni.

"Wewe msichana, hii nyuki ni ya nani?"

"Si ya mtu, Mzee. Wamehama tu, wanapumzika."

"Kama haina mwenyewe, mimi nitalalamika kwa nani?"

Fundi alifika akiwa amevaa koti na tai. Mjini hakuendwi na ovaroli, ndivyo alivyosema. Akaomba katoni ya karatasi kutoka dukani kwetu, akawanyunyizia nyuki maji ya sukari, akagonga kibao mara moja kwa kiganja. Kundi zima likaanguka ndani kama uji mzito. Watu walikuwa wamejaa, simu juu.

"Mzee, si uwapange foleni!" kijana mmoja wa mkokoteni alipiga kelele.

"Nyinyi ndio mnafaa kupangwa," Fundi alimjibu bila kugeuka. "Hawa wako na adabu."

Nilidhani kazi imeisha. Hakuondoka. Aliiweka katoni pale chini ya kibao, ikiwa wazi kidogo, akakaa kwenye kiti cha mlinzi mpaka jioni, akisubiri wale waliokuwa wameruka warudi kwa wenzao. Mwenye duka alimletea chai, akaketi naye, na wakaishia kubishana juu ya mbao gani inafaa kwa rafu. Nilimwambia Fundi kwamba malkia akiwa ndani, wachache wakibaki si hasara kubwa.

"Daktari, hatuachi watu mjini," alisema.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa nyuki wa asali. Kwa wale weusi alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kwa asiyewajua, nyuki hao ni wakubwa kama ncha ya kidole gumba, weusi, wengine wana mkanda wa njano kiunoni. Hawaishi kundini. Kila jike hutafuta mbao kavu, hutoboa tundu la mviringo, huchimba chumba ndani na kutaga humo. Hawana asali ya kuvuna. Kwa Fundi, ambaye maisha yake yote yalikuwa mbao, hawa hawakuwa nyuki. Walikuwa wezi.

"Tundu lake limenyooka kushinda la kijana wangu wa karakana," aliniambia siku moja akichungulia nguzo, na nilisikia wivu kidogo katika sauti yake. "Lakini nani alimpa kazi?"

Mkewe ndiye aliyewalinda. Si kwamba alijua faida yao. Alipenda mngurumo wao tu. Asubuhi akimenya viazi pale uani alisema wanamkumbusha mashine ya kusaga ya nyumbani kwao, ile ya mbali unayoisikia kabla hujaiona. Fundi akichukua gundi, yeye alisema bila kuinua kichwa, "Baba, wacha wageni wangu." Naye aliiacha. Alinung'unika mpaka kwenye chai, lakini aliiacha. Kisha mama huyo alifariki, na hapakuwa na mtu wa kumwambia aache.

Chai yenyewe ilikuwa jambo jingine. Fundi alikuwa na asali ya kujaza ndoo, lakini alikunywa chai ya sukari, tamu mpaka midomo inashikana. Asali, alisema, ni dawa ya kifua na zawadi ya wageni. Nyuki walimuuma usoni akaendelea kuongea, lakini alipotakiwa kudungwa sindano ya pepopunda alijificha karakanani mpaka mkewe alipokwenda kumtoa. Kanisani aliimba besi, na nyumbani aliwakataza wapangaji kupiga muziki, kwa sababu ati nyuki wanachoka.

Kwa dawa za wadudu alikuwa mkali. Sukuma wiki zangu zilipopata vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojibana chini ya jani, nilinunua dawa na kuanza kunyunyiza saa nne asubuhi. Alivuka ua na kuninyang'anya bomba.

"Angalia boga lako hapo. Maua yamefunguka. Nani yuko ndani?"

Ndani ya kila ua la boga kulikuwa na nyuki wake, wamejipaka unga wa njano.

"Ukitaka kuua, ngoja jua lizame, wameenda kulala. Ama tumia sabuni. Boga hii unakula ni mkono wa huyu."

Kwa maboga alikuwa sahihi. Na hapo ndipo kosa lake lilipokuwa na mizizi, maana aliona maboga yanashika, tikiti la jirani linashika, akahitimisha kwamba penye mizinga kila ua litashika. "Nyuki ni nyuki," alisema. Mpasheni ulipokosa matunda msimu wa kwanza, alisogeza mizinga yake yote karibu na ua, akidhani anausaidia.

Niliutazama mpasheni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ua la pasheni ni pana, na sehemu zake za uzazi zimeinuliwa juu kama feni ya dari. Chini yake ndiko kuna utamu. Nyuki wa asali ni mdogo. Anapita chini ya feni, anakunywa, haguswi na kitu. Au anapanda, anakwangua chavua yote, ule unga wa njano wa ua, anaipakia miguuni na kuipeleka mzingani kulisha watoto. Chavua ya pasheni ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Nyuki mweusi akiingia, kwa ukubwa wake, mgongo unasugua ile feni, na akienda ua la pili anaacha kule alichobeba. Hafanyi kwa wema. Ni umbo lake tu. Kwenye nyanya ni vilevile: ua la nyanya linataka mdudu anayelishika na kulitikisa kwa mngurumo mpaka unga umwagike, na nyuki wa asali hajui kutikisa.

Kwa hiyo nyuki wa asali hawakuwa wabaya, ila hawakuwa wenye kazi ile. Na kwa kuwa walikuwa wengi, na mizinga iko hapohapo, walimaliza chavua asubuhi mapema. Hata kama mweusi mmoja angepita kutoka kwa jirani, angekuta sahani imelambwa.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Fundi alikuwa na nusu ya jambo hili mkononi. Mama mmoja wa mtaa wa Karen aliwahi kumwagiza mizinga myeupe yenye paa kama la kanisa, kama alivyoiona kwenye picha. Fundi aliitengeneza, akaipaka rangi ndani na nje kama alivyoagizwa, na nyuki walihama kabla ya Jumapili. Alikwenda Karen na randa, akaikwangua yote mpaka kwenye mbao.

"Mama, wewe ungelala kwa nyumba inanuka tapentaini?" alimuuliza yule mteja. Alisimulia kisa hicho kwa furaha miaka yote. Na mtu huyohuyo ndiye aliyepaka nguzo zake oili chafu.

Basi ningemwambia nini? Nilijaribu sentensi. Fundi, nguzo zako. Fundi, unakumbuka wale wageni wa mama. Kila sentensi iliishia mahali pamoja: mkeo aliwalinda, wewe ukawafukuza, na ndiyo maana mmea wake haukuzaa. Nilimwona akikaa jioni chini ya ule mpasheni na kikombe chake, akitazama maua yakianguka makavu. Nilihofia nikimwambia nitamzika mara ya pili yule mama, na safari hii Fundi ndiye atakayekuwa na hatia.

Nikafanya anachofanya mwoga mwenye bidii. Nilinunua brashi ndogo ya rangi za maji. Alfajiri, kabla nyuki hawajatoka na kabla Fundi hajafungua mlango wake, nilipita kando ya mpasheni nikigusa ua moja baada ya jingine, nikibeba chavua kutoka hapa kuipeleka pale. Nilijiambia kwamba matunda yakishika, hataukata, na hakuna atakayehitaji kuambiwa chochote.

Yalishika. Vitunda vya kijani, laini, vikaanza kuning'inia. Fundi alivigundua Jumapili akitoka kanisani, akavua kofia. Wiki nzima aliimba besi akiranda mbao. Aliacha kuzungumzia kuukata. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hofu ileile, kwa sababu nimezoea kubeba vyote viwili.

Jumamosi moja aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya ua, penseli sikioni.

"Daktari, njoo. Simama hapa. Inua mkono."

Nikainua.

"Nyosha vizuri. Kwa vidole."

Nikanyosha.

"Sasa niambie tunda la juu kabisa liko wapi."

Lilikuwa linagusa ncha za vidole vyangu. Juu yake mpasheni uliendelea mpaka kwenye paa, maua yamejaa, bila tunda hata moja. Mstari ulikuwa umenyooka, kutoka mwanzo wa ua mpaka mwisho.

"Nimeona mimea mingi," alisema Fundi. "Sijaona mmea inazaa kwa kipimo ya mpangaji."

Nilianza kulia, jambo ambalo sikuwa nimepanga. Kisha nikamwambia yote, vibaya, kwa mpangilio mbovu: brashi kwanza, halafu feni, halafu mizinga, na mwisho kabisa matundu. Sentensi zangu zote nzuri zilikuwa zimekimbia.

Alitoa penseli sikioni akaitazama, akairudisha.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ndiyo, Fundi."

"Si mama."

Sikuelewa. "Si mama," nikasema.

Akaketi kwenye ndoo. Akajipangusa uso na kofia yake.

"Unajua nilikuwa nimemkasirikia?" alisema. "Aliondoka hata hatujaongea vizuri. Halafu nikaona amechukua na mti. Nikamwambia hapa, jioni, nikiwa peke yangu: mama, hata mti? Si ungeniachia hii moja?" Akatikisa kichwa. "Kumbe yeye hakuchukua kitu. Kumbe ni mimi na gundi yangu."

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko chenye machozi, lakini kicheko. Nilikuwa nimekaa na jambo lile miezi yote nikidhani ni kisu, na kumbe yeye alikuwa na kisu chake kingine, na jambo langu ndilo lililokitoa.

"Na wewe," aliniambia akisimama, "ungeniambia mapema. Ona vile umenisumbua. Mimi nimeshukuru Mungu wiki nzima, kumbe ni brashi."

"Samahani, Fundi."

"Usiombe samahani. Shika hapa."

Tuling'oa nguzo moja ya ua, ya tatu kutoka mlangoni kwangu. Akaleta nyingine kutoka karakana, kavu, kuukuu, haijaguswa na rangi wala oili. Kabla ya kuisimamisha alichukua keekee akatoboa matundu manne upande usionyeshewa na mvua. "Nimewaanzishia," alisema. Mizinga tukaihamisha upande wa pili, karibu na maboga, na mingine akampelekea yule mama wa Karen, isiyo na rangi.

Nyuki weusi hawakurudi mara moja. Waliporudi, waliyapita matundu ya Fundi na kutoboa yao, kando kidogo. Nilikwenda kumwambia karakanani.

"Wameona kazi yako haijanyooka," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtania.

"Hao hawana futi," alijibu. Lakini jioni nilimkuta ameweka shavu kwenye nguzo, anasikiliza.

Aliacha karakana mwaka uliofuata na kurudi Vihiga kukaa karibu na kaburi. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa Kenyatta Market. Alikuwa amekuja mjini kuonwa na daktari wa macho, daktari wa kweli, kama alivyonikumbusha, na alitaka kula nyama kabla ya kusafiri. Alikuwa amekonda. Koti na tai vilikuwa vilevile. Nilimletea mfuko wa pasheni. Alimimina chache mezani, kati ya kachumbari na ubao wa nyama, akaziviringisha moja moja karibu na jicho lake zima.

"Hizi umetoa wapi?"

"Kwenye ua wako."

"Najua ni ua yangu. Wapi kwa ua?"

"Juu. Chini ya paa. Niliazima ngazi."

Akalipasua moja kwa kidole gumba, akalinyonya akifumba macho. Kisha akasukuma mfuko pembeni ya mguu wake ambapo hakuna mtu angeuchukua.

"Nguzo inaendelea aje?"

"Imejaa matundu. Itaanguka siku moja."

"Ikianguka, weka nyingine kavu. Na usipake kitu."

Siku hizi nguzo ya tatu haipakwi kitu, na mbao moja kavu inangoja kando ya mlango wangu kwa ajili ya siku itakapoanguka. Mizinga iliyobaki iko upande wa maboga. Mpasheni unazaa mpaka juu, nisikofika. Brashi nimeitupa. Na nikijua jambo linalomhusu mtu, namwambia siku hiyohiyo, hata kama sentensi haijanyooka.